Mimi Nani?

Nyumba ya bibi yangu, mzaa mama, iko Pangani, si mbali na mto, na mlango wake haukuwahi kufunguliwa kwa neno "mimi". Nilijaribu mara nyingi nilipokuwa mtoto. Nilikuwa nikishuka kwenye basi la jioni kutoka Tanga, vumbi mpaka kwenye kope, nafika mlangoni, napiga hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mimi wako wengi."

Hapo ilibidi nitaje jina langu, nitaje la mama yangu, na kama nimetumwa, nimtaje aliyenituma. Sauti yangu aliijua vizuri. Nilimsikia akicheka kwa ndani, komeo mkononi, lakini hakulivuta mpaka nimalize kujitaja. Siku moja nikamlalamikia: bibi, unanijua, kwa nini unanisumbua? Akanijibu, "Siku nitakayokufungulia wewe kwa 'mimi', na mwizi naye nitamfungulia kwa 'mimi'."

Mwaka 2016 nilikuwa na stashahada ya kompyuta na nimeshasahau maneno hayo. Nikawafungulia watu nisiowajua mlango ambao haukuwa hata wangu.

*

Shangazi yangu ni mwanachama wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, pale Ngamiani. Aliyewahi kuona kikoba anajua sanduku lake. Ni la chuma, lina makufuli matatu, na kila kufuli lina ufunguo wake. Funguo hizo wanakaa nazo wanawake watatu wa nyumba tatu tofauti. Mweka hazina analala na sanduku chumbani kwake, lakini hana ufunguo hata mmoja. Siku ya mkutano sanduku linawekwa katikati ya mkeka, wenye funguo wanafungua mmoja baada ya mwingine, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na kila kitu kinaandikwa kwenye daftari mbele ya macho ya wote. Akichelewa mtu, faini. Simu ikilia mkutanoni, faini.

Shida yao ilikuwa umbali. Baadhi walikuwa wamehamia Muheza, wengine Pangani, mmoja Dar es Salaam. Walirejesha mikopo kwa simu, kisha stakabadhi zikapotea njiani. Shangazi akaniambia, "Wewe si umesoma kompyuta? Tusaidie."

Nikawatengenezea programu ya simu. Mwanachama anapiga picha stakabadhi yake, na kwa mara ya kwanza anapiga pia picha ya kitambulisho chake, kisha picha zinakwenda kwenye seva ndogo niliyokuwa nimeikodi. Sikuandika kila kitu kutoka mwanzo. Hakuna anayefanya hivyo. Nilitumia mfumo unaomwezesha mtu anayejua kutengeneza tovuti kutengeneza pia programu ya simu, halafu kazi ngumu unaziachia plagini: vipande vidogo vilivyoandikwa na wengine, unavichukua bure na kuviunganisha. Moja ya kamera, moja ya mahali ulipo, moja ya kupeleka mafaili. Ni kama fundi anayenunua kitasa dukani badala ya kukifua mwenyewe.

Plagini ya kupeleka mafaili ikakataa. Kila nilipojaribu kutuma picha, simu ilinirudishia kosa lile lile: cheti cha seva hakiaminiki.

Hapa inafaa nieleze, maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu ya jambo hili. Simu inapotaka kuzungumza na seva, kwanza inapiga hodi. Seva inajitambulisha kwa kutoa cheti. Ndani ya cheti mna jina la seva, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na sahihi ya mamlaka iliyokitoa. Simu nayo ina orodha ya mamlaka inazoziamini, iliyowekwa humo tangu ilipotengenezwa. Basi inajiuliza: aliyetia sahihi namfahamu? Jina hili ndilo nililokuwa nalitafuta? Muda wake haujaisha? Jibu likiwa baya popote, mazungumzo yanakatika hapo hapo.

Cheti changu nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe. Vyeti vya kununua viliuzwa kwa dola, kwa kadi ya benki ya kulipia mtandaoni, na mimi sikuwa na kadi hiyo. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, walikuwa wamemaliza kipindi chao cha majaribio Aprili mwaka huo huo, lakini habari zao hazijanifikia. Kwa hiyo cheti changu kilikuwa kimetiwa sahihi na seva ile ile iliyokibeba. Simu iliuliza "Nani?", seva ikajibu "Mimi". Simu, kama bibi yangu, ikakataa kuvuta komeo.

Ilikuwa usiku wa Alhamisi. Jumamosi nilitakiwa kuwaonyesha akina mama programu ikifanya kazi. Nikatafuta dawa mtandaoni na dakika kumi hazikupita nikaipata. Plagini ile ilikuwa na swichi. Kwa kawaida imezimwa. Ukiiwasha, simu inakubali cheti chochote, cha yeyote. Jina la swichi hiyo kwa Kiswahili lingekuwa "amini wenyeji wote". Maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa ya kweli kabisa: yalisema inasaidia kwa sababu Android inakataa vyeti vya kujitilia sahihi, na kwamba haishauriwi kwa programu inayokwenda kutumiwa na watu. Nilisoma sentensi ya kwanza. Ya pili niliiona, nikaipita kama mtu anavyoipita ombaomba anayemfahamu.

Nikabadilisha neno moja, "hapana" likawa "ndiyo". Picha ikapanda. Jumamosi akina mama wakapiga makofi.

*

Miezi kadhaa baadaye, kaka mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akisoma Dodoma alirudi likizo. Tulikaa mgahawani, akanigawia intaneti kutoka kwenye kompyuta yake. Nilikuwa na sifa za programu yangu, nikamwonyesha kwenye simu ya shangazi niliyokuwa nimeazima. Nikapiga picha stakabadhi, nikatuma. Halafu nikamwonyesha jinsi mwanachama anavyojiandikisha, nikatuma na kitambulisho.

Alikaa kimya kidogo, kisha akaigeuza kompyuta yake kunielekea.

"Huyu ndiye shangazi yako?"

Ilikuwa ile picha ya kitambulisho. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, uso wake ule wa kutocheka mbele ya kamera. Chini yake ilikuwepo stakabadhi, na kiasi cha marejesho. Hakuvunja chochote. Alikaa tu katikati ya simu na seva, na simu ilipouliza "Nani?" yeye akatoa cheti alichokitengeneza asubuhi ile. Simu ikamfungulia. Yaliyotumwa yalikuwa bado yamefungwa kwa fumbo, ndiyo, lakini kwa fumbo ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye. Akayasoma, akayafunga tena, akayapeleka kwenye seva yangu. Kwenye simu ya shangazi ikatokea alama ya kijani: imefika.

"Ningetaka," akasema, "hata kiasi ningebadilisha."

Nilimuuliza kama kuna njia ya kujua iwapo mtu mwingine amekwisha kufanya alichokifanya yeye, miezi yote ile, kwenye waifai za mikahawa, za hoteli, za stendi. Akatikisa kichwa. Mwizi wa sanduku anaacha kufuli limevunjika. Huyu haachi chochote.

Sikwenda kwa shangazi siku ile. Nilipanda basi nikaenda Pangani, kwa bibi, nikasema nimekuja kupumzika.

*

Pangani ni mji wa kutembea. Unapita nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, unapita boma, unafika mtoni, unasimama kutazama kivuko kinavyokwenda na kurudi Bweni. Historia ya Abushiri nilisomeshwa darasani kama mwanafunzi mwingine yeyote wa Tanzania. Tulifundishwa vita. Hatukufundishwa barua. Wiki ile nilisoma tena habari za mwaka 1888, kwa sababu tu nilikuwa nataka kusoma jambo lisilohusu kompyuta, na nikajikuta nasoma kuhusu cheti.

Seyyid Barghash alifariki Unguja Machi 1888. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, mrithi wake, Seyyid Khalifa, alitia sahihi mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kwa miaka 50 utawala wa ukanda wa Mrima, kutoka mto Umba upande wa kaskazini hadi Ruvuma kusini, pamoja na ushuru wa bandari zake. Utawala huo ungeendeshwa kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake.

Agosti mwaka huo mawakala wa kampuni wakashuka kwenye miji ya pwani kuchukua walichoandikiwa. Aliyekuja Pangani aliitwa Emil von Zelewski, afisa mwenye haraka, ambaye watu baadaye walimpa jina la Nyundo. Alimtaka liwali wa Pangani awe chini yake, na akataka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali akakataa. Sababu yake haikuwa ya kivita. Alisema hajapata amri ya Sultani.

Nilisimama kwenye sentensi hiyo kwa muda mrefu. Liwali ni mtu wa Sultani. Madaraka yake yote yametoka Unguja, kwa barua yenye muhuri, iliyovuka bahari kwa jahazi na kusomwa mbele ya watu. Sasa amesimama mbele yake mgeni mwenye karatasi, anasema: mimi ndiye. Liwali hakumwita mwongo. Alitaka tu jibu litoke kwa mwenye sahihi, lisitoke kinywani mwa aliyeibeba karatasi.

Jibu alilopewa lilikuwa manowari. Wanamaji wa Carola walishuka pwani, na bendera ya Sultani ikaondolewa kwa nguvu kwenye nyumba ya liwali. Zilikuwa ni siku za Idi ya kuchinja, na inasimuliwa kwamba Wajerumani waliingia msikitini na viatu na mbwa wao. Tena kampuni ile ile iliyochukizwa na liwali kudai barua, yenyewe iliwataka wenye mashamba wa pwani wathibitishe kwa hati kwamba mashamba ni yao. Mwenye nguvu haulizwi "nani?", ila yeye anauliza kila mtu.

Mwanzoni mwa Septemba Pangani ikachemka. Zelewski na wenzake wakazingirwa ndani ya nyumba yao. Sultani akamtuma Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, akawatoa wakiwa hai na kuwapeleka Unguja. Baada ya siku chache Mathews mwenyewe akalazimika kuondoka. Tanga, mashua ya manowari Möwe ilipigwa risasi, na manowari ikaujibu mji kwa mizinga. Saadani alikuwepo Bwana Heri. Pangani akainuka Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa pwani hii hii ya Tanga, aliitungia vita ile utenzi mrefu ambao bado unasomwa. Julai 1889 Hermann von Wissmann aliitwaa tena Pangani kwa mizinga na askari wa kukodi, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa katika mji huo. Mwishoni mwa 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani maki 4,000,000 na ukanda ukawa wake moja kwa moja. Nyundo naye aliuawa Lugalo, Agosti 1891, alipolipeleka jeshi lake mbele ya Wahehe wa Mkwawa bila kupeleleza njia vya kutosha.

Sitaki msomaji adhani nalinganisha uzito. Watu walikufa katika vita ile, na katika kosa langu hakuna aliyekufa. Lakini kuna jambo moja ambalo sikuweza kuliepuka. Mwaka 1888, ili swali la "nani amekutuma?" liondolewe pale mlangoni Pangani, ilihitajika manowari, wanamaji na shoka. Mwaka 2016 mimi nililiondoa kwa neno moja, nimekaa kitini, huku nakunywa chai.

*

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo ilinisumbua zaidi, nayo ni kwamba karatasi ya Zelewski ilikuwa ya kweli. Sultani alitia sahihi. Liwali angeandika Unguja na kujibiwa kwa uaminifu, jibu lingekuwa: ndiyo, nimesaini. Basi swali lake lilikuwa na faida gani?

Ili kujibu hilo inabidi kurudi nyuma miaka minne, kwenye pwani hii hii. Novemba 1884 vijana wa Kijerumani wakiongozwa na Carl Peters walivuka kutoka Unguja wakashukia Saadani. Walikuwa wamesafiri kutoka Ulaya kwa majina ya uongo, wakijifanya mafundi. Kwa wiki chache walizunguka Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami wakikusanya alama za vidole na kalamu kwenye karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Tarehe 29 Novemba huko Msovero, Mangungu aliweka alama yake kwenye hati iliyosema anakabidhi nchi yake yote. Wanafunzi wote wa historia wanamjua Mangungu, na mara nyingi tunafundishwa kumcheka. Lakini hebu tazama karatasi zile zilikokwenda. Zilipelekwa Berlin. Na tarehe 27 Februari 1885, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatia sahihi juu yake Barua ya Ulinzi. Hakuna aliyetumwa Msovero kuuliza kama Mangungu alielewa alichokiwekea alama. Seyyid Barghash alipinga, akaandika; mwezi Agosti manowari za Kijerumani zikapanga mstari mbele ya jumba lake.

Watu wa kompyuta huita jambo hili mnyororo wa uaminifu. Cheti cha seva kinasimama juu ya sahihi ya mamlaka, na mamlaka inasimama juu ya mamlaka nyingine, mpaka kwenye shina. Kampuni iliyokuja Pangani mwaka 1888 ilikuwa na mnyororo mzuri kuutazama: sahihi ya Sultani, na nyuma ya kampuni barua ya Kaiser. Ila ukifuata pingu moja moja hadi mwisho, unakuta alama ya mtu wa Msovero kwenye lugha asiyoijua, na sahihi ya Sultani mpya aliyesaini huku manowari za miaka mitatu nyuma bado ziko kichwani mwake.

Yametokea pia kwenye mitandao. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar, iliyokuwa kwenye orodha za mamlaka zinazoaminiwa na vivinjari vya dunia nzima, ilivamiwa. Aliyeingia alijitolea vyeti zaidi ya 500. Kimoja kilibeba jina la Google, na kilitumika kusikiliza mawasiliano ya watu wapatao 300,000, wengi wao nchini Iran. Vivinjari viliuliza "nani?", vikaonyeshwa muhuri halali, vikafungua. Kabla ya mwezi Septemba kuisha DigiNotar ilikuwa imefilisika.

Kwa hiyo muhuri unajibu swali moja tu: nani amesema. Haujibu kama alichokisema ni haki, wala kama alisema kwa hiari. Lakini swali hilo moja ndilo la kwanza, na bila hilo mengine yote hayana pa kuanzia. Liwali wa Pangani alipotaka neno litoke kwa mwenye sahihi, alikuwa anarudisha jambo zima mahali ambapo watu wangeweza kulibishania: Sultani amesaini nini hasa? Bendera gani? Ushuru wa nani? Ndiyo maana Zelewski hakutaka kusubiri jahazi liende na kurudi.

*

Niliporudi kwenye kompyuta yangu niligundua kwamba aibu yangu ilikuwa ya watu wengi. Mwaka 2012 watafiti wa vyuo vikuu vya Hannover na Marburg, huko huko Ujerumani, walichunguza programu 13,500 za bure za Android zilizokuwa maarufu. Katika hizo, 1,074 zilikuwa na msimbo unaoweza kumkubali mtu wa katikati. Walichagua 100 wakazijaribu kwa mikono, na 41 wakafanikiwa kuziingilia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wakachunguza programu za pesa za mitandao ya simu katika nchi zinazoendelea. Walizifungua 7 mpaka ndani kabisa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya kwetu, lakini walichokikuta ningeweza kukitambua nikiwa nimefumba macho: vyeti visivyohakikiwa, mafumbo ya kujitungia, taarifa za wateja zinazovuja. Mei 2016 duka la programu la Google likaanza kukataa programu mpya zenye namna mojawapo ya kosa hilo. Ile yangu haikupita dukani. Niliwagawia akina mama faili mkononi.

Karibu kila mahali, sababu haikuwa ubaya. Mtengenezaji alikuwa anajaribu kazi yake kwa cheti cha kujitilia sahihi, simu ikamkatalia, akazima swali ili aendelee, akasahau kuliwasha. Au hakuzima yeye. Plagini aliyoichukua ilikuja na swali limeshazimwa, naye hakutazama ndani. Komeo unalolinunua dukani huwezi kujua kama linashika mpaka mtu akusukumie mlango.

Nchini kwetu tumefundishana sana kuhusu utapeli wa simu. Hakuna Mtanzania asiyeujua ule ujumbe unaotoka kwa namba ngeni: ile pesa tuma kwenye namba hii. Tunaucheka, tunautengenezea vichekesho, na tunaambiana tusimpe mtu namba ya siri. Mwaka 2019 tulianza kupanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, mpaka tarehe ya mwisho Januari 2020. Yote hayo yanamtaka mwenye simu awe macho. Bibi yangu ni hodari kwa hilo. Amewahi kumjibu tapeli mmoja kwa kumuuliza jina la mama yake.

Lakini cheti cha seva bibi yangu hawezi kukiona. Kwenye kivinjari wakati ule kulikuwa na walau kifuli kidogo juu ya ukurasa, na onyo jambo likiharibika. Ndani ya programu ya simu hakuna kifuli wala onyo. Kuna alama ya kijani niliyoichora mimi. Hakuna ujanja wa mtumiaji unaoweza kuziba pengo hilo. Mtu mmoja tu anaweza, naye ni yule aliyeandika "hapana" au "ndiyo" usiku wa Alhamisi.

*

Nilimweleza bibi siku ya tatu, kwa maneno ya milango. Alisikiliza huku akichambua mchele. Hakunifariji. Alisema, "Sasa kawaambie wenye nyumba."

Nikafuta neno lile. Nikachukua cheti cha bure, simu ikauliza "Nani?", na kwa mara ya kwanza seva ikajibu jina linalojulikana. Ilinichukua saa mbili, saa mbili ambazo nilikuwa nazo tangu mwanzo. Halafu nikaenda Ngamiani siku ya mkutano.

Sanduku lilikuwa mkekani, bado halijafunguliwa. Niliamkia, nikaketi, nikaeleza. Nilisema picha za vitambulisho vyao zilikuwa zikipita mahali ambapo mtu angeweza kuziona, kwa miezi saba, na kwamba sijui kama kuna aliyeziona, na sitajua kamwe. Nilisema nimeziba. Nilisema ni kosa langu, si la simu zao.

Mwenyekiti, mama mtu mzima anayeuza samaki sokoni, aliuliza taratibu.

"Yaani sanduku letu lilikuwa na kufuli la nne?"

"Ndiyo, mama."

"Ufunguo ulikuwa na wewe."

"Ndiyo."

"Na ulimpa nani?"

"Yeyote aliyeomba."

Shangazi alikuwa anatazama mkeka. Mmoja wa akina mama wa nyuma akauliza kwa nini sikusema Jumamosi ile ile kwamba kazi haijaisha, wangenisubiri. Sikuwa na jibu. Kwa miezi saba nilikuwa nimejiambia kwamba haraka ilikuwa ya kwao.

Walijadili nikiwa hapo hapo. Wakaamua daftari lirudi. Programu ibaki kwa wale wa mbali tu, vitambulisho vyote vifutwe kwenye seva mbele ya shangazi, na nikitaka kubadilisha chochote tena, nije kwanza na mtu mwingine anayejua kazi hiyo, aeleze mbele yao alichokiona. Kisha mwenyekiti akasema kikundi kina kanuni, na anayeharibu analipa. Wakanitoza faini ya shilingi 10,000, iingie mfuko wa jamii.

Wenye funguo wakasogea. Kufuli la kwanza, la pili, la tatu. Nikaweka noti yangu ndani, mweka hazina akaihesabu kwa sauti ingawa ilikuwa moja. Katibu akanisogezea daftari na kalamu ili nisaini. Nilianza kuchora ile sahihi yangu ya mkupuo, akaishika kalamu.

"Jina," akasema. "Kamili."

Nikaandika jina langu. Halafu nikaandika la mama yangu.